Namba ya Zadok

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wamenijibu! Kampuni ya majokofu ya sola, ile ya ghorofani hapa Mwanza, karibu na Makoroboi. Ujumbe mfupi tu: maombi yangu yamepokelewa, kesho asubuhi nitapigiwa simu, niwe mahali tulivu. Mahali tulivu, hapa Butimba! Upande huu Modesta na redio yake, upande ule fundi wa mageti anachomelea tangu kunakucha. Modesta ameahidi kuzima redio, na atampelekea fundi chai ili mikono yake iwe na shughuli nyingine. Jirani kama huyu hapatikani kila mtaa.

Kazi yenyewe ni kukaa ofisini na kuuza kwa simu. Unawapigia wenye mabucha, wenye vioski, wauza samaki wa visiwani, unawaelezea jokofu mpaka wanakubali. Hutoki nje, humwoni mtu. Modesta anasema hiyo ni kazi ya waongo. Mimi nasema ni kazi ya mshahara.

Na mshahara ni chumba. Sina hesabu nyingine. Nikipata kazi nabaki hapa, kwenye chumba chetu, na Zadok akirudi ataujua mlango. Nisipopata, baba mkwe ananichukua kwenda kwao Shirati, aliko binti yetu Akeyo, na chumba anapewa mtu mwingine. Baba mkwe huyo, mzee Okeyo, amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningemshinda.

Zadok alikwenda kisiwani Goziba kununua dagaa, Mei mwaka jana. Mtumbwi ulizama. Wenzake wote walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakupatikana kwa lolote. Watu wakiniita mjane siitiki.

Jumanne, 4 Machi

Simu imekuja wakati fundi anakunywa chai. Mungu ambariki Modesta! Kaka aliyepiga anaitwa Masalu, ndiye anayeshughulikia waombaji. Mpole, anavuta maneno kama hana haraka na dunia. Aliuliza nimewahi kuuza nini. Dagaa, nikamwambia, pale mwaloni Kirumba, na mume wangu. Akauliza mteja akisema "nitafikiria" ninafanyaje. Nikasema namuuliza anafikiria kitu gani hasa, ili tufikirie wote. Akacheka. Nikajua nimepita.

Halafu akataka nimtajie mtu anayenifahamu vizuri, atampigia. Papo hapo, jina na namba. Nikataja mume wangu, Zadok Okeyo. Namba nikaitiririsha bila kupumua.

Simu ilipokatika ndipo nikaelewa nilichofanya.

Namba nyingine zote zimo ndani ya simu, sijui kichwani hata ya mama yangu mzazi. Naijua hiyo moja tu. Zadok aliitungia wimbo, akatuimbisha mimi na Akeyo jioni nzima, ili mtoto akipotea sokoni aweze kuitaja. Na laini yenyewe imezimika tangu siku ile. Niliipiga miezi na miezi. Yule dada wa mtandao anayesema mteja hapatikani, namchukia kuliko mtu yeyote aliye hai. Krismasi niliacha kupiga.

Sasa Masalu naye atamsikia yule dada. Ataona nimempa namba hewa. Mjinga mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Hawajapiga.

Kandambili za Zadok nimeziacha mlangoni muda wote huu. Huwa naziweka zikitazama nje, kama mtu anayetaka kutoka. Leo asubuhi nimezikuta zinatazama ndani. Modesta anasema ni fagio lake, amefagia baraza mapema. Pengine. Nimezitazama mpaka uji ukaungua.

Sikuzigeuza.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Okeyo amepiga. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, unaendeleaje, watu wa huko wazima. Akaniuliza hata habari za mvua. Nikajua kuna jambo.

Ukoo umekaa. Wamepanga Jumamosi ya tarehe 22. Watazika yago.

Niandike, labda nikiandika itapungua. Kwetu Wajaluo mtu akipotea majini na mwili usipatikane, huchukuliwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Linavikwa shuka, linalazwa kaburini, linazikwa kama yeye. Watu wanalia kabisa. Mchungaji anaomba, ingawa anajifanya hakuliona lile tunda. Baada ya hapo mtu amekufa. Hakuna tena kusema pengine.

Mzee amesema bila kaburi Zadok anatangatanga, na sisi tunatangatanga naye. Anataka niwepo. Nikamwambia nina usaili. Akasema usaili utaisha, mwanangu, hili halitaisha lenyewe.

Nilikata simu nikiwa na adabu zote. Halafu nikapiga teke ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Wameniita! Yaani waliniita Jumamosi na leo nimekwenda. Tulikuwa kundi, wengi vijana waliovaa tai, na dada mmoja wa chuo mwenye Kiingereza cha kutisha. Nilivaa lile gauni la kijani. Linanipwaya sasa.

Jaribio lao ni la ajabu. Mnakaa viti viwili, migongo ikigusana, muuzaji na mteja. Hamtazamani. Masalu anasema mteja wa simu hakuoni, kwa hiyo huna uso, huna mikono, huna gauni. Una sauti tu. Asipoiamini sauti hakuna biashara. Yeye akawa mteja, mwenye bucha huko Sengerema, mkaidi. Vijana wa tai walimweleza habari za wati na betri. Akawakatia simu ya uongo mmoja mmoja.

Zamu yangu nilimwuliza nyama ikibaki jioni anaipeleka wapi. Nikamwuliza mkewe anasema nini anapoona nyama imeharibika. Hapo tukaanza kuongea, sijui hata tulifikaje kwenye jokofu. Kuongea na mtu nisiyemwona hakunisumbui. Mwaka mzima naongea na mtu nisiyemwona.

Sasa lililonileta kwenye daftari. Nikiwa natoka, Masalu akanifuata mpaka ngazini. Akanipa hongera, niko kwenye wachache waliobaki. Kisha akasema:

"Na mume wako nimeongea naye. Mstaarabu sana. Anasema wewe ni mvumilivu, tukikupata tusikuachie."

Nikasema nini? Nikasema asante. Asante! Nikashuka ngazi nimeshika ukuta. Pale chini muuza karanga akaniuliza kama naumwa.

Mimi nilijua. Nilijua, nilijua, na wote waliniona kichaa.

Jumanne, 11 Machi

Sijapiga. Simu ninayo, namba ninayo kichwani, kidole ninacho. Sijapiga.

Nimemweleza Modesta. Alikuwa anachambua mchele, akaacha. Yeye ni mtu wa Bukoba, mambo ya kuogopa anayajua, ila hutafuta sababu za kawaida kwanza. Akasema Masalu huenda hakupiga kabisa. Watu wa ofisi, anasema, huandika wamepiga wakaenda zao kula. Au laini imeuzwa upya, mitandao hufanya hivyo, ukikaa kimya wanampa mwingine. Nikamwuliza huyo mwingine angejuaje kuwa mimi ni mvumilivu. Akaurudia mchele wake.

Akanishauri nifanye kama namtumia hela. Kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina la mwenye laini. Unasoma, unaghairi, hela haiendi, yeye hajui. Watu hufanya hivyo kila siku kuchunguza wapenzi wao.

Nimesema nitafanya. Kama yu hai, kwa nini anampokelea Masalu asinipigie mimi? Nimekaa na swali hilo mchana wote. Linanuka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya. Nimeandika namba, nimeandika kiasi, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikazima simu kabla jina halijatoka.

Likitokea jina la mwingine nitakuwa nimemzika mimi, kwa kidole changu, kabla hata ya yago lao. Likitokea lake—hapo sijui. Hapo naogopa zaidi.

Masalu ameandika: Alhamisi, siku ya majaribio, wateja wa kweli. Nikifanya vizuri wananipa mkataba.

Jumapili, 16 Machi

Nimeongea na Akeyo kupitia simu ya bibi yake. Mchangamfu! Mbuzi amezaa, mwalimu amemsifu kusoma, jino limetoka. Halafu akasema, kama anayetaja habari za mbuzi tu:

"Baba naye nimemwambia habari ya jino."

Nikamwuliza baba gani. Baba, akasema. Nikamwuliza wapi. Mama mkwe akaichukua simu, akasema mtoto anaota sana siku hizi, watu wanaongelea mazishi mbele yake, anachanganyikiwa. Sauti yake ilikuwa na mchecheto. Nikasema ndiyo mama, ni ndoto.

Nimepika ugali wa watu wawili tena. Huwa nafanya hivyo nisipojiangalia. Leo sikumpelekea Modesta kilichobaki. Nilikiacha mezani, nikakifunika. Ndiyo, nimefikia hapo.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike taratibu.

Chumba kikubwa, meza zimepangwa, kila mtu na hedifoni yake. Dirishani ziwa linaonekana kipande, katikati ya mapaa. Nikakaa nikilipa mgongo. Masalu akasema kabla ya wateja tupashe sauti moto: kila mmoja ampigie mtu wake yeyote, aongee kidogo, koo lifunguke. Wenzangu wakapiga kwa mama zao, kwa wachumba. Vicheko chumba kizima.

Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Nasema kweli. Wimbo uliimbika na vidole vikafuata.

Ikaita.

Ikapokelewa. Nikasema habari za asubuhi, naitwa Awuor. Nilisubiri aseme jina langu la nyumbani. Alivuta pumzi tu, ndefu. Na pumzi ile haikuwa ya Zadok. Hakuwa amefungua mdomo na nilikwisha jua.

Anaitwa Shigela. Yuko Kamanga, ng'ambo hiyo tu, anauza chapati pale watu wanaposubiri kivuko. Laini aliinunua Januari. Tangu siku hiyo watu humpigia wakimtaka Zadok, wateja wa dagaa, marafiki, wengine hawajui. Amewaeleza mpaka amechoka. Kisha akapiga mtoto.

"Mara ya kwanza nilimwambia mimi si baba yako," akasema. "Akalia, dada. Alilia mpaka simu ikaisha chaji. Jumapili iliyofuata akapiga tena. Nikashindwa."

Kila Jumapili baada ya kanisa, bibi akiwa jikoni, Akeyo huchukua simu. Anamweleza habari za shule na mbuzi. Yeye anaitika tu, ndiyo mwanangu, vizuri mwanangu. Ameshajua jina la mama, jina la babu, ameshajua kwamba mama yuko Mwanza anamngoja baba. Kwa hiyo Masalu alipopiga akiuliza kama yeye ni mume wa Awuor, aliona akisema hapana atamharibia kazi mwanamke wa watu. Akasema ndiyo. Akaongeza na la uvumilivu, kwa sababu mtoto alimwambia mama anangoja.

Nilitaka kumtukana. Kweli, nilikuwa na tusi mdomoni. Lakini alikuwa analia, mtu mzima, nyuma yake nasikia honi ya kivuko. Akaniuliza:

"Sasa akipiga tena, niseme mimi ni nani?"

Nikakata.

Masalu alikuwa ananitazama kutoka mbali, akanionyesha dole gumba. Na baada ya hapo nikauza! Siamini. Nilimuuzia mwenye bucha wa Nansio, halafu mama wa samaki wa Bwiru, wote wawili kwa sauti ileile tulivu. Wengine wananiuliza siri yangu. Sikuwa na siri. Sikuwemo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeipata kazi. Naanza Jumatatu. Masalu alisema nina sauti ambayo mtu akiisikia anaona hawezi kudanganywa. Nimetia sahihi. Chumba ni changu.

Chumba cha kumngojea nani?

Nilipanga kutokwenda Shirati. Walizike tunda lao, mimi nilale siku nzima na kuanzia Jumatatu niwe mtu mwenye kazi na mlango wake. Nilikuwa nimeamua kabisa. Mchana mzee Okeyo akapiga. Safari hii hakuuliza mvua.

Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa. Akeyo akaenda kusimama pale, akawauliza wachimbaji la nani. Wakamwambia. Akacheka, akasema baba hajafa, anaongea naye kila Jumapili, anataka kujua kama jino limeota. Majembe yakatupwa. Mama mkwe alikiri kwamba aliwahi kumsikia mtoto akiongea, na mara moja akasikia sauti ya mwanaume, akaogopa kuuliza. Sasa amefungua kitambaa chake cheusi. Tangu Mei hakuwa amekivua.

"Mwanangu," mzee akasema, "kumzikia mtu aliye hai yago ni kumuua. Hapa hakuna atakayeshika jembe. Mtoto anasema na wewe ofisini kwako wameongea naye. Ni kweli?"

Hilo nalo amelijua! Shigela alimwambia mtoto, mtoto amewaambia watu wote.

Ningesema palepale. Neno moja tu, baba, ni mtu mwingine. Nilikuwa na sauti. Nimeuza majokofu mawili kwa sauti hii. Nikasema nakuja.

Ninaandika Buzuruga, nasubiri gari la Musoma lijaze. Modesta amenisindikiza. Amenifungia maandazi kwenye gazeti, hajaniuliza kitu. Jirani kama huyu.

Jumamosi, 22 Machi

Shirati. Nimo katika nyumba ya Zadok, ile aliyoijenga kabla hatujaoana. Mlango nimeurudishia. Nimeomba ninawe uso kwanza.

Nilifika jana usiku, wakaniacha nile, nioge, hakuna aliyeuliza. Adabu yao inaniua. Asubuhi wamekaa wote uani, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Shimo limefunikwa kwa mabati. Yago wameliacha chini ya ukuta wa ghala, limevikwa shuka nyeupe mpaka katikati, kama waliokuwa wanalivalisha walikimbia. Nimepita karibu. Ni urefu wa Akeyo alipozaliwa. Nimeshindwa kulitazama na nimeshindwa kutolitazama.

Mama mkwe amenishika mikono. Ana uso mwingine, umri umempungua. Amepika samaki, hakuwahi kupika samaki tangu ajali. Amenong'ona kwamba yeye alijua, mama hujua. Hayo ni maneno yangu! Nimeyasema mwaka mzima na leo nayasikia kwa mtu mwingine, ni kama kumtazama mtu akiingia majini.

Mzee Okeyo amesimama mbele ya watu wote, akazungumza Kijaluo cha taratibu. Hatamlazimisha mtu. Ila namba ipo, na simu zipo.

"Mama Akeyo ataipiga, ataweka spika, tusikie wote. Kama ni Zadok tutamjua. Kama siye tutamjua. Tutakalosikia ndilo tutakalolifanya."

Nikisema sasa hivi mlangoni kwamba ni muuza chapati wa Kamanga, wanamaliza kuchimba. Mama mkwe anakirudisha kitambaa. Zadok anakufa leo, tarehe 22, kwa mdomo wangu, na Akeyo anafiwa mara mbili kwa siku moja. Nisiposema, sauti yenyewe itasema. Mama mkwe atatambua si mwanawe kwa neno la kwanza. Au hatatambua. Hilo ndilo linalonitisha. Anataka sana. Mtu akitaka sana hununua. Ningeweza kumfundisha Shigela maneno machache, mtandao ukawa mbovu kidogo, na shimo likafukiwa tupu. Na mimi nikarudi Butimba kwenye mlango wangu, tukangoja wote, ukoo mzima.

Asubuhi nimemtumia Shigela ujumbe kwamba leo atapigiwa na watu wengi. Amejibu hivi: Dada mimi nitasema lolote utakaloniambia. Niambie tu.

Sijamjibu. Ujumbe nimeuandika, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikaufuta. Nimeandika "sema ukweli", kidole kikagoma. Zadok, kama unatangatanga karibu, gusa kitu. Geuza kitu chochote humu ndani.

Hakuna.

Maji yapo kwenye beseni, sijayagusa.

Akeyo amesukuma mlango. Ameishika simu ya bibi kwa mikono yote miwili, anatabasamu na pengo lake. Anasema babu amechoka kusubiri, kwa hiyo amenisaidia. Tayari ameshampigia baba. Inaita.